Nani Abishe Hodi kwa Nani

Kwenye mazishi ya Mama Shiru, mwezi uliopita, mshereheshaji alikuwa na kengele. Ilikuwa kengele ndogo ya mezani, ya aina inayowekwa kwenye kaunta za hoteli za zamani, na kila msemaji alipozidisha maneno aliigonga bila huruma. Hata mchungaji aligongewa. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikajitambulisha kuwa mimi ndiye yule Mtanzania aliyekuwa akikaa chumba cha chini, watu wakacheka kidogo kwa kunikumbuka. Nikasema, "Mwaka ule nilipokaa kwa Mama Shiru..." nikamtazama Shiru, binti yake, pale safu ya mbele, na wakati bado natafuta pa kuanzia, nikagongewa. Nikakaa. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza, "Pole baba. Ulianza na mwaka mzima." Alikuwa na haki. Mwaka mzima hauingii kwenye hotuba ya msibani. Basi nauandika hapa, ambapo hakuna wa kunigongea.

Nilikuwa kijana wakati huo, na nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, si kwa kuchukia kusoma bali kwa sababu nilitaka kujua kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa ubaoni. Nilikuwa nimepita bandari mbili tatu na kazi nyingi kuliko hizo, na nilipofika Toronto nilidhani nitakaa wiki kadhaa nione theluji ikoje kisha niendelee na safari. Mtu mmoja kanisani aliniambia kuna mama Mkenya huko Malvern, muuguzi, ana chumba cha chini anakipangisha kwa watu wasiovuta sigara. Chumba chenyewe kilikuwa nusu ndani ya ardhi. Dirisha lake lilikuwa sawasawa na majani, kwa hiyo dunia yangu ilikuwa miguu: viatu vya majirani, magurudumu ya mikokoteni ya watoto, na kindi mmoja mnene aliyekuwa akija kunitazama kama mimi ndiye niliyefungiwa kwenye kizimba. Kulikuwa na tanuri la kupasha nyumba moto ambalo lilikoroma kama mjomba, na ngazi za mbao zilizopanda moja kwa moja hadi jikoni. Mama Shiru aliniambia siku ya kwanza, bila kugeuka kutoka kwenye jiko, "Hapa hakuna mtu anakula chini peke yake kama panya. Ukisikia harufu, panda."

Nikawa napanda. Mezani tulikuwa watatu. Mama Shiru, ambaye mara nyingi hakukaa, alikula akiwa amesimama kwa mazoea ya hospitali. Mzee Githinji, binamu yake, karani mstaafu aliyekuwa na chumba juu, na ambaye Wakikuyu wote wa upande ule wa mji walimwita kila palipokuwa na mahari ya kujadiliwa, kwa sababu alijua methali nyingi na hakuona aibu kuzitumia zote. Na mimi. Jumapili tuliongezeka: Shiru alikuja kutoka mjini, alikokuwa akifanya kazi ofisini, pamoja na rafiki yake Kendi, msichana Mmeru ambaye wazazi wake walikuwa na nyumba kubwa Markham. Hao wawili walikulia Toronto. Uliwasemesha Kiswahili, wakakuelewa kila kitu, hata matusi, kisha wakakujibu kwa Kiingereza. Mama Shiru alimpenda sana Kendi. Msichana alikula bila kuringa, aliosha vyombo bila kuambiwa, na alicheka vichekesho vya Mzee Githinji hata alipokuwa amevisikia Jumapili iliyopita. "Huyu msichana," Mama Shiru aliniambia zaidi ya mara moja, "namwombea bwana mzuri. Kila siku namwombea." Nilikuwa na macho, na dirisha langu lilikuwa sawasawa na njia ya kuingilia, na nilikuwa nimeona jinsi viatu viwili vya kike vinavyoweza kusimama karibu sana kabla ya kuagana. Lakini sikuulizwa.

Kazi yangu mezani ilikuwa habari. Wakati ule kulikuwa na magazeti ya bure kwenye vituo vya treni, na watu waliyaacha kwenye viti vya mabasi yakiwa bado na joto la makalio yao. Mimi niliyakusanya yote. Nilikuwa nikipakia kuku waliogandishwa kwenye ghala moja, kazi isiyohitaji kichwa, kwa hiyo kichwa changu kilibaki na njaa. Jioni, Mama Shiru akikoroga, mimi nilisoma, nikitafsiri papo hapo kwa sauti ya mtangazaji wa redio ya taifa, ile sauti inayotangaza mafuriko na matokeo ya mpira kwa uzito uleule. Utaratibu ulijijenga wenyewe. Kwanza siasa. Pili, yale mambo mengine. Mwisho kioja, maana Mama Shiru alisema hawezi kulala na siasa tumboni bila kitu cha kuteremshia.

Yale mambo mengine yalikuwa ndoa. Mwaka ule bunge la Ottawa lilikuwa likibishana kama nchi nzima iruhusu mwanamume aoe mwanamume na mwanamke aoe mwanamke. Mkoa wetu ulikuwa umeshatangulia kupitia mahakama, lakini bungeni waheshimiwa walikuwa ndio kwanza wamepata moto. Mmoja alisema jambo hilo likipita familia itakwisha. Mwingine alisema taifa litakuwa halina msingi. Mimi nilisoma kwa bidii zote, na nikiri kwamba nilikuwa nikiongeza chumvi upande wa haki. Sikuwa na chama wala mwalimu. Nilikuwa tu nimekaa kwenye mabweni ya mabaharia na vyumba vya watu wanane, nikajua mapema kwamba binadamu wakiwa wengi chumba kimoja hawafanani, na kwamba asiyefanana hajakuibia chochote. Mzee Githinji alisikiliza akichokoa meno. "Huyo anayesema taifa litaanguka," aliuliza, "amesema litaanguka siku gani? Niambie mapema, nina miadi na daktari wa macho." Kila nilipofika sehemu hiyo ya habari Mama Shiru alifungua bomba la maji. Alilifungua lote, maji yakagonga sinki la bati kama mvua ya masika, akaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Nami nikapandisha sauti. Naye akaongeza sufuria. Kuna siku nilitangaza hoja nzima ya upinzani kwa kupiga kelele kama mnadani, na jirani wa upande wa pili akagonga ukuta. Nilipofika kwenye kioja, bomba lilifungwa, na mama akasema kwa utulivu kabisa, "Haya. Leo mnyama gani?"

Wanyama walikuwa wengi. Kuna rakuni aliyepanda lori la takataka akazunguka mtaa mzima kama mkaguzi. Kuna mzee wa kijijini aliyelima boga kubwa hadi akalikata, akaingia ndani na kupiga makasia ziwani. Kuna mji mdogo ambao hakuna mtu aliyetaka kugombea udiwani, hata wakamwomba diwani wa zamani, aliyestaafu, asiendelee kustaafu. Na kuna bata bukini wawili, madume wote, waliotaga nia ya kulea, wakakalia jiwe juu ya paa la duka na kumshambulia kila mteja aliyekaribia. Hiyo niliisoma chini ya vioja kwa ujanja, nikidhani nimepata njia ya kupitisha siasa bila kulipishwa ushuru wa bomba. Mama Shiru alisikiliza hadi mwisho. "Jiwe lilianguliwa?" akauliza. Nikasema gazeti halikueleza. "Basi hiyo haijaisha," akasema. Niliposhuka chini nilimsikia akimuuliza Mzee Githinji, kwa sauti ya chini, kama baridi haikuwaua.

Siku hizi habari zinanifuata mfukoni, sihitaji kuziokota basini, na nikizisoma nakuwa peke yangu, jambo ambalo si zuri kwa afya. Juzi nimesoma mheshimiwa mmoja huko nyumbani, nyumbani kwetu sote, akieleza kwamba mapenzi ya namna hiyo yaliletwa Afrika na wageni, na kwamba dawa yake ni jela. Nilikasirika hadi nikashuka kituo kisicho changu. Lakini hasira yangu ina kasoro moja: kila ninapotaka kumjibu mheshimiwa, nasikia kwanza sauti ya Mzee Githinji akiuliza swali la pembeni, nami nacheka, na mtu anayecheka peke yake kwenye kituo cha treni hawezi kuongoza mapambano. Watu wa Mama Shiru ndivyo walivyonilea. Walinifundisha kwamba jambo kubwa haliingii nyumbani kupitia mlango wa hoja. Linaingia kupitia jikoni, na likishaingia linaulizwa limekula.

Sheria ilipita majira ya joto. Ilikuwa Jumapili iliyofuata, madirisha wazi, na mezani kulikuwa na chapati na maharage ya nazi niliyopika mimi ili kuonyesha kwamba Tanzania nayo ina mchango. Nilisimama kabisa. Nikasoma kwamba bunge limepitisha, nikataja kura zilivyokwenda, nikatulia kama redio inayosubiri wimbo wa taifa. Mama Shiru alinyoosha mkono kwenye bomba. Na kabla hajalifungua Shiru akasema, kwa Kiingereza, maneno ambayo sote tulielewa: "Mama, usifungue. Mimi na Kendi tunataka kuoana."

Kindi alipita dirishani. Mama Shiru alibaki na mkono juu ya bomba. Kendi alikuwa ameshika chapati, hakujua kama aimalize au airudishe. Mzee Githinji ndiye aliyesema kwanza, na hadi leo nampa heshima kwa hilo, ingawa hakusema nilichotarajia.

"Mmeru?" akasema.

"Mjomba!" Shiru akasema.

"Nauliza tu. Wameru ni watu wagumu kwa mahari. Nilienda kwao mara moja na wazee wengine, tulirudi tumechoka kama punda." Akamgeukia Kendi. "Si kwa ubaya, mama."

"Githinji," Mama Shiru akasema, mgongo ukiwa bado kwetu, "toka jikoni kwangu." Kisha akatutoa sote. Nilishuka chini, nikakaa kitandani nikisikiliza. Bomba halikufunguliwa. Nadhani ningependelea lifunguliwe.

Zikafuata wiki mbaya. Shiru hakuja Jumapili. Mama Shiru alikwenda kazini, akarudi, akapika, akala amesimama. Kanisani alikaa nyuma karibu na mlango, na alirudi kabla ya chai, yeye ambaye siku zote ndiye aliyemimina chai. Habari zangu zilipunguzwa. "Soma kioja," alisema. "Siasa wacha. Soma kioja peke yake." Nikasoma vioja vitupu, kimoja baada ya kingine, bila siasa mbele yake, nikagundua kwamba kioja bila siasa hakichekeshi, ni mnyama tu amepotea. Mzee Githinji alijaribu kwa njia yake. Jioni moja, akimenya viazi, alimtaja bibi mmoja wa kijijini kwao, kama mtu anayekumbuka bei ya sukari ya zamani: "Cucu Njoki alioa."

"Usianze," Mama Shiru akasema.

"Sianzi. Nasema alioa. Hakuwa na mtoto, akachukua mbuzi akapeleka kwa watu, akaletewa mke. Wakaishi boma moja hadi wakazeeka. Mimi mwenyewe nilikula kwao."

"Ile ilikuwa ya mambo ya watoto na shamba. Haikuwa hii."

"Sijasema ilikuwa nini. Sikuchungulia. Nimesema mbuzi walienda."

Mimi nikadakia kwamba hata kwetu, upande wa Mara, wapo wanawake wanaooa wanawake kwa desturi hiyo, na Mama Shiru akaniangalia kama mtu aliyemkuta kuku wa jirani akila kwenye sahani. "Na wewe uliambiwa usome kioja," akasema. Lakini viazi vilipoiva alitupakulia, na alipokuwa akinipa sahani yangu aliuliza, tena kwa sauti kavu ya muuguzi anayeuliza choo umepata lini: "Huko kwenye magazeti yako. Hao wakifanya harusi, mama zao wanakaa wapi?"

Sikujua. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa nimeulizwa jambo la maana na sikujua. Siku ya mapumziko nilikwenda maktaba. Mkutubi, dada mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alinisikiliza kwa makini, akaniletea vitabu vya adabu za harusi, vizito kama matofali. Nilivisoma hadi walipoanza kuzima taa za upande wa watoto. Kulikuwa na kurasa nyingi kuhusu uma na maua, na upande gani akae mama wa bibi harusi, na upande gani mama wa bwana harusi. Hakuna aliyewaza mama wawili wa mabibi harusi. Nilirudi nikatoa taarifa. Mama Shiru alisikiliza, akafuta meza, akasema, "Wazungu wamepitisha sheria na hawajapanga viti." Kisha, baada ya kufuta sehemu ileile mara nyingi: "Mimi mtoto wangu ni msichana. Mama wa msichana haendi kwa mtu. Mama wa msichana anakaa kwake, anapika, anangoja waje wamwombe. Kama hao watu wa Markham wanamtaka mtoto wangu, mlango wanaujua. Waje."

Mzee Githinji aliniangalia. Mimi nilimwangalia. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba lile lilikuwa ndiyo.

Mambo yalienda kwa simu. Shiru aliambiwa arudi kula Jumapili, akarudi, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha; mama alimpa paja la kuku, akalikubali. Kisha mama wawili walizungumza, na nilikuwepo, nikivua buti kwenye ngazi. Mama Shiru alikuwa amesimama wima kama anazungumza na daktari mkuu. "Ndiyo, Mama Kendi... Mungu ni mwema... Jumamosi ya kwanza ya Februari itafaa kabisa... Karibuni sana... Asante, asante, nanyi karibuni... Aiii, chakula usijali, hata usipike... Hapana, wewe usipike... Haya, karibuni." Alikata simu akiwa ameridhika. Mswahili yeyote atakayesoma mazungumzo hayo ataona kosa liko wapi, lakini siku ile tuliona adabu tu. Kila mmoja alimkaribisha mwenzake, kila mmoja alishukuru kwa kukaribishwa, na kila mmoja alikata simu akijua kabisa kwamba mwenzake anakuja.

Jumamosi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mama Shiru alikuwa amepika tangu jana yake: mbuzi aliyetoka shamba moja kaskazini mwa mji, irio ya viazi na njegere, njahi, yale maharage meusi ya Wakikuyu, sufuria nzima, chapati zimefunikwa kwa taulo kama mtoto mchanga. Wanawake wanne wa kanisani walikuja kusaidia, wengine walisema wana mafua. Mama aliwahesabu waliokuja kwa macho, hakusema lolote kuhusu mafua. Desturi ya ruracio, sherehe ya Wakikuyu ya kupeleka mahari, ni kwamba wageni wakifika wanafungiwa nje kwanza. Wanawake wa ndani wanaimba kuwauliza ni akina nani na wametaka nini, wa nje wanajibu kwa wimbo, na mlango haufunguliwi mpaka wameeleza shida yao. Kisha msichana anafunikwa leso gubigubi, wageni wamtambue. Kwa hiyo Shiru alikaa sebuleni chini ya leso tatu, kama kiti kilichohamishwa. Mzee Githinji alivaa kofia ya manyoya na kushika fimbo. Mimi nilipewa kazi ya kukaa dirishani.

Nilikaa. Lori la theluji lilipita. Basi lilipita. Mbwa mmoja aliyevaa viatu alipita. Wanawake waliimba wimbo wa lango mara moja kwa majaribio, wakaurudia, wakanyamaza. Njahi ikaanza kushika chini. Sauti ya Shiru ikatoka ndani ya leso, "Naweza kupumua kidogo?" Akaambiwa apumue ndani kwa ndani. Hatimaye simu ikalia, Mama Shiru akaichukua.

"Mama Kendi, mko wapi? Mmepotea?"

Kisha tukaona uso wake ukibadilika.

"Nyumbani? Kwenu? Mnatungoja sisi?... Lakini mimi ndiye mama wa msichana... Na wewe pia, ndiyo, najua, ndiyo... Lakini si nilikuambia usipike?... Ati na wewe uliniambia?"

Wasemaji wakapewa simu. Mzee Githinji alianza na methali, upande wa pili ukajibu kwa methali, wakaendelea hivyo hadi ikawa wazi kwamba kila mmoja ana akiba ya kutosha hadi Pasaka. Alifunika simu kwa kiganja. "Wanasema wao ndio wenye msichana. Hawawezi kwenda kuomba kwa watu, ni aibu. Nimewaambia na sisi ndio wenye msichana. Wanasema wanaelewa. Ndiyo maana nasema Wameru ni wagumu."

"Basi nani anaoa?" akauliza mmoja wa wale wanawake wa kanisani.

"Wote," Shiru akasema ndani ya leso.

"Basi wote wangoje," Mama Shiru akasema, akaketi. Alikuwa na miguu ya kusimama zamu nzima hospitali, na nilikuwa sijawahi kumwona akiketi mchana. Alikuwa amesema ndiyo ya aina moja tu, ile ya kukaa kwake na kupokea watu. Angeweza kukubali akiwa hajasema neno, akiwa na mwiko mkononi, mlango ukigongwa na wengine. Kilichotakiwa sasa kilikuwa kingine. Nilimtazama, nikaona kwamba tukivua leso hizi na kugawana mbuzi na kwenda zetu, hakutakuwa na Jumamosi nyingine. Wale wa mafua watasikia. Atarudi kukaa karibu na mlango kanisani, na Shiru ataolewa ofisini kwa serikali, mimi nikiwa shahidi.

Leso zikatikisika. Shiru alitoa uso, nywele zimesimama kwa joto, vipodozi vimeshuka. Na msichana huyu, ambaye mwaka mzima alinijibu kwa Kiingereza hata nilipomsalimia, alisema kwa Kiswahili, polepole: "Mama. Twende tu."

Mama Shiru akainuka, akavaa koti juu ya aproni, akasema, "Mtanzania, beba njahi."

Tulikwenda kwa gari la Mzee Githinji: yeye kwenye usukani na kofia yake ya manyoya, Mama Shiru mbele, Shiru nyuma chini ya leso maana wanawake walikataa katakata aonekane, na mimi na sufuria ya moto mapajani, nikipiga kelele kila tulipokata kona. Wale wanne hawakutosha garini. Walibaki kulinda mbuzi. Huko Markham nyumba zote zina sura moja, matofali yaleyale, gereji zilezile, na theluji ilikuwa imefunika namba. Mzee Githinji alisema ni ile. Mama Shiru akasimama mbele ya mlango, akavuta pumzi, akaanza wimbo wa wageni, sauti yake ikitetemeka, na Shiru akamjibu kiitikio kutoka ndani ya leso. Walimaliza ubeti mzima. Mlango ukafunguliwa na mzee wa Kichina mwenye ndala, akatusikiliza, akapiga makofi kwa adabu, kisha akanyoosha kidole nyumba ya tatu, ambayo kizingiti chake kilikuwa na viatu vingi kama mlangoni mwa msikiti.

"Angalau koo limepata moto," Mzee Githinji akasema.

Kwenye mlango wa pili sauti haikutetemeka. Aliimba kama mtu anayeita ng'ombe, mapazia ya majirani yakasogea, na ndani wanawake wa Markham wakaitikia, wengi, wakiwa na joto lao: ninyi ni nani, hatuwajui, mmetoka wapi? Aliimba ametoka wapi. Wakauliza tena: mnataka nini hapa? Hapo ndipo msemaji huchukua nafasi. Mzee Githinji akasogeza fimbo, akasafisha koo. "Tulikuwa tukipita," alianza, "tukaona ua zuri limechanua katika boma hili, nasi tukasema, wafugaji wa mbuzi wanaopotelewa na..."

"Githinji, nyamaza," Mama Shiru akasema. "Baridi."

Alikuwa na barafu kwenye nyusi. Aliutazama mlango ule kama alivyoutazama ukuta wa jikoni mwaka mzima. Kisha akasema, si kwa wimbo, kwa sauti ileile ambayo mimi nilikuwa nikisomea hoja za bunge juu ya maji ya bomba:

"Mimi ni mama yake Shiru. Nimekuja kumwombea binti yangu mke."

Leso za Shiru zilikuwa zikitikisika, sikujua kama ni kilio au kicheko, na nilikuwa na sufuria, sikuweza kusaidia. Kufuli likazungushwa. Mlango ukafunguka, na pale ukumbini, wamebanana kama watu wa lifti, walisimama Mama Kendi na mumewe na msemaji wao na wanawake saba au nane, wote wamevaa makoti, skafu na buti, wamebeba masufuria. Nyuma yao lundo la leso lenye miguu ya Kendi.

Mama Shiru aliwaangalia kutoka buti hadi kofia. "Mlikuwa mnaenda wapi?"

"Kwako," Mama Kendi akasema. "Tulikuwa tunafunga zipu."

Niliuona uso wa Mama Shiru ukipiga hesabu. Akanigeukia. "Mtanzania, rudisha hiyo njahi kwenye gari. Githinji, washa. Tunarudi nyumbani, wacha waje."

"Wewe!" Mama Kendi akamdaka mkono, koti na aproni pamoja. "Umeshasema. Mtaa mzima umesikia, hata yule Mchina amesikia. Umeshasema, Mama Shiru. Ingia ndani, unaniingizia baridi."